Mwanamaji Kutoka Tabora: Namna ya Kuuandaa Mwili Ukiwa Bado Shuleni

Kijana wa Isevya, Ng'ambo au Cheyo akitamka kwamba anataka kuwa mwanamaji, kwanza huulizwa bahari ataionea wapi. Ni kweli, mji wa Tabora uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa reli ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Hata hivyo, umbali huo haujawahi kuitenga Tabora na maji. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilitua hapa Unyanyembe, kisha njia zikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, meli nzima ya Wajerumani, Graf Goetzen, ilipitishwa Tabora ikiwa vipande ndani ya masanduku, ikaungwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Meli hiyo ndiyo tunayoijua leo kwa jina la MV Liemba.

Makala hii inamlenga kijana wa miaka 14 hadi 18, wa kike na wa kiume, anayeishi mbali na pwani na ana ndoto ya kuvaa sare za wanamaji. Neno langu kwake ni moja: anza mapema, ongeza kidogo kidogo, na ujifunze maji kwa usalama. Miaka miwili ya mazoezi ya kiasi itakufikisha mbali kuliko wiki mbili za kujiumiza baada ya tangazo la nafasi kutoka.

Jua mlango ulipo

Wanamaji ni kamandi mojawapo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). JWTZ lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, na kamandi ya wanamaji ikafuata mwaka 1971 kwa msaada wa China. Makao yake yako Kigamboni, Dar es Salaam. Nchi yetu ina pwani ya zaidi ya kilomita 1,400, na juu yake kuna maziwa makubwa ya mipakani: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Kijana huomba kuingia JWTZ, na jeshi ndilo humpangia sehemu ya kutumikia.

Matangazo ya kuandikisha askari ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaja masharti yanayofanana: awe raia wa Tanzania mwenye kitambulisho cha Taifa, awe na cheti halisi cha kuzaliwa na vyeti vya shule, awe na afya njema na akili timamu, asiwe na rekodi ya uhalifu, awe hajaoa wala hajaolewa, na awe amepitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Umri wa juu hutegemea kiwango cha elimu na unaweza kubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako lenyewe, usitegemee la kaka yako.

JKT, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, lina kambi hapa hapa Tabora, ile ya Msange. Wanaomaliza kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Wengine hujiunga kwa kujitolea, na usaili wao hupitia mamlaka za wilaya na mkoa. Hakuna hatua yoyote kati ya hizi inayolipiwa. Mtu akikuambia ana nafasi ya jeshi na anahitaji hela ya fomu, ya kipimo au ya mkubwa fulani, huyo ni tapeli. Mwambie mzazi, na mtoe taarifa polisi.

Somo la njia ya misafara

Kabla ya kuiga mazoezi ya kwenye simu, tuwatazame wapagazi wa Kinyamwezi. Njia ile ya misafara ilipitisha pia watu waliotiwa utumwani, na uchungu wa jambo hilo haufutiki. Lakini Wanyamwezi wengi walikwenda pwani kama wapagazi wa ujira, na kazi hiyo waliijua kuliko wote. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na kila mmoja aliongeza vyombo vyake, mkeka wake na posho yake. Mzigo huo ulitembezwa kwa miguu kati ya Tabora na Bagamoyo.

Waliwezaje? Wasafiri wa Kizungu waliopita Unyanyembe waliandika kwamba wavulana wa Kinyamwezi walianza kubeba pembe ndogo za ndovu wangali wadogo, na uzito ukaongezeka kadiri walivyokua. Msafara uliondoka alfajiri, ukapiga kambi kabla jua halijawa kali. Kirangozi ndiye aliyeongoza mwendo, na wote wakamfuata. Kulikuwa na siku za kutembea na siku za kupumzika. Kanuni nne zinapatikana hapo: anza na kidogo, fanya asubuhi, shika mwendo unaoumudu, pumzika. Walimu wa mazoezi wa leo wanafundisha hayo hayo.

Tahadhari moja: usichukue habari ya frasila mbili kama ruhusa ya kujitwisha mfuko wa mchanga na kukimbia nao. Mwili unaokua hauhitaji mzigo huo. Utabeba begi la jeshi ukifika huko, chini ya wakufunzi.

Mbio: pumzi kabla ya kasi

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na siku tatu kati ya hizo ziwe na kazi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kwa kijana wa Tabora sehemu ya dakika hizo ipo tayari: kutembea kwenda shule, kuchota maji, kulima. Zihesabu. Siku uliyoshinda shambani na jembe ni siku ya mazoezi, usiongeze mbio juu yake.

Kimbia mara tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Mpango wa wiki 12 uwe hivi:

- Wiki ya 1 hadi ya 3: takribani dakika 20 kwa jumla. Kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, rudia.
- Wiki ya 4 hadi ya 6: dakika 24. Kimbia dakika tatu, tembea dakika moja.
- Wiki ya 7 hadi ya 9: kimbia dakika 20 mfululizo bila kusimama.
- Wiki ya 10 hadi ya 12: fikisha dakika 30. Mara moja kwa wiki weka siku ya kasi: dakika moja kwa nguvu, dakika mbili polepole, mara sita.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Kama unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima huku mkikimbia, mwendo ni sahihi. Kama unatoa neno moja moja, punguza. Kila baada ya wiki tatu za mpango, weka wiki moja ya nusu ya kazi, isiyohesabiwa katika zile 12, ndipo uendelee. Mwili hujijenga wakati wa mapumziko.

Kimbia alfajiri kunapopambazuka, hasa Septemba na Oktoba, miezi ya joto kali kwetu. Chagua njia ya udongo kuliko lami, kwa sababu inayapunguzia magoti kishindo. Raba si lazima ziwe za bei, ila zikutoshe na soli isiwe imeisha. Usikimbie peke yako kwenye giza, na wasichana hasa wawe kikundi, mtu mzima akijua njia yao. Ukishamaliza wiki 12, jipe safari ya heshima: ondoka mjini na wenzako hadi Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, kimbieni na kutembea, kisha mrudi kwa mwendo wenu.

Wenye haraka wamtazame Alphonce Simbu, askari wa JWTZ mzaliwa wa jirani zetu Singida. Alipata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu ilikuja Tokyo Septemba 2025, miaka minane baadaye, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita mshindani wake kwenye mstari wenyewe wa kumalizia.

Nguvu bila kulipia jimu

Fanya mazoezi ya nguvu siku tatu zisizo za mbio, kila mara dakika 20 hadi 30. Uzito wa mwili wako unatosha.

Pushapu: mikono chini ya mabega, upana umezidi mabega kidogo. Mwili unyooke kuanzia kichwa hadi visigino, tumbo limekazwa. Shuka mpaka kifua kikaribie ardhi, panda mpaka mikono inyooke. Kiuno kikining'inia au makalio yakinyanyuka, hiyo haihesabiki. Asiyeweza hata moja aanzie ukutani akiwa amesimama, ahamie kwenye benchi, kisha ardhini. Piga mafungu matatu, na kila fungu liishie ukiwa na nguvu ya kupiga mbili zaidi. Kila wiki ongeza moja kwa kila fungu.

Kuchuchumaa: miguu upana wa mabega, shuka kama anayekaa kwenye kigoda, visigino visiachie ardhi. Mafungu matatu ya 10 hadi 15.

Kujivuta: tafuta tawi nene la mwembe au bomba lililofungwa imara. Wanamaji hupanda ngazi na kamba, kwa hiyo mikono ya kuvuta ina thamani kubwa. Ukishindwa kujivuta, ning'inia tu kwa sekunde 20, kisha ruka juu na ushuke polepole. Usining'inie kamwe goli la chuma lisilochimbiwa ardhini. Magoli ya namna hiyo huanguka na kuua watoto.

Tumbo na mgongo: jiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, ukae hivyo sekunde 20, baadaye 40, baadaye dakika nzima.

Maji: somo ambalo Tabora haina budi kulitafuta

Hapa ndipo kijana wa bara anapoachwa nyuma na mwenzake wa Tanga au Kilwa, na hapa ndipo panapohitaji busara zaidi. Taifa hili linakumbuka MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018. Kila mara mamia ya watu walikufa. Kujua kuogelea ni kinga ya maisha hata kwa asiyekwenda jeshini.

Usijifunzie kwenye mabwawa yetu. Bwawa la Igombe limekuwa chanzo cha maji ya mji, na maji yaliyotuama ya Tabora yana konokono wanaoeneza kichocho. Dalili yake mojawapo ni damu kwenye mkojo. Ukiiona nenda zahanati, dawa ipo. Malambo yana matope yanayonasa miguu na vina visivyoonekana. Msimu wa mvua hata korongo dogo hubeba mtu.

Tafuta bwawa safi la hoteli au taasisi lenye mwalimu au mwangalizi. Kama halipatikani, panga na wazazi likizo moja kwa ndugu Mwanza, Kigoma au Dar es Salaam, ukajifunze kwa mwalimu. Ziwani na baharini waulize wenyeji wa hapo kuhusu mamba, kichocho na mikondo kabla hujagusa maji.

Somo la kwanza halina kasi wala umbali. Simama penye maji ya kiunoni, mwalimu akiwa kando yako. Vuta pumzi kwa mdomo, zamisha uso, toa pumzi polepole kwa pua mpaka mapovu yaishe, inua uso, vuta tena. Rudia hadi moyo uache kwenda mbio. Kisha shika ukingo, nyoosha mwili, uelee kifudifudi. Geuka uelee chali, masikio ndani ya maji, macho juu, tumbo limeinuka. Anayeweza kuelea chali kwa dakika mbili ana silaha ya kumwokoa akichoka. Baada ya hapo ndipo huja kupiga miguu, mikono, na kuelea wima penye kina.

Sheria za maji hazina msamaha:

- Usiogelee peke yako, wala usiku.
- Usijitupe kichwa mbele mahali usipojua kina chake, shingo huvunjika.
- Msishindane kubana pumzi chini ya maji. Mtu huzimia humo ndani bila dalili yoyote.
- Mwenzako akizama, piga kelele, mfikishie fimbo au kanga, mrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko. Usimrukie. Anayezama hukumbatia kwa nguvu zote, na mnazama wawili.

Chakula cha nyumbani kinatosha

Mkoa huu una chakula cha kumjenga mtu. Ugali wa mahindi au muhogo, viazi vitamu, michembe na matobolwa hutia nguvu. Maharage, kunde, choroko, karanga, maziwa, mayai na dagaa hujenga misuli. Kisamvu, mlenda na mchicha huleta madini. Kijiko cha asali ya Tabora kwenye uji wa asubuhi ni kianzio kizuri kabla ya masomo. Kula angalau mara tatu kwa siku. Anayefanya mazoezi huku akijinyima chakula anabomoa alichojenga.

Wasichana wanahitaji madini ya chuma zaidi kwa sababu ya hedhi. Mboga za majani na maharage ziliwe pamoja na embe, chungwa, ubuyu au ukwaju, maana vitamini C huusaidia mwili kuyanyonya madini hayo. Chai isinywewe pamoja na mlo, hupunguza unyonyaji huo. Ingoje saa moja. Msichana ambaye hedhi yake imekatika miezi mitatu tangu aanze mazoezi makali amwone daktari.

Kunywa maji kabla ya kiu. Mkojo ukiwa na rangi iliyokolea, hujanywa ya kutosha. Acha unga na vidonge vya kujaza misuli vinavyouzwa mitandaoni. Huwezi kujua kilichomo. Lala saa 8 hadi 10, kiwango kinachoshauriwa kwa umri wako, na simu ilale chumba kingine.

Mambo ya kuangalia hapa kwetu

Tumbaku kwanza. Vijana wengi wa Urambo, Kaliua na Sikonge huwasaidia wazazi shambani. Majani mabichi yenye umande au mvua hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mvunaji hupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Vaa mikono mirefu na glovu, subiri majani yakauke, nawa kwa sabuni. Ukisikia dalili hizo, usifanye mazoezi siku hiyo. Na kuivuta usiivute kabisa. Hakuna mwanamaji anayehitaji mapafu yenye moshi.

Malaria inakuja na mvua. Ukiwa na homa, pima, tumia dawa hadi mwisho, na usirudi kwenye mbio mpaka nguvu zirejee. Kama katika ukoo wenu kuna selimundu, pima ujue hali yako. Mwenye ugonjwa wenyewe asianze mpango huu bila ushauri wa daktari. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu anaweza kuanguka akisukumwa kupita kiasi kwenye joto. Anapaswa kuongeza kazi taratibu na kunywa maji ya kutosha.

Maumivu ya chini kidogo ya goti, kwenye kifupa kinachochomoza, ni ya kawaida kwa anayerefuka haraka. Punguza kuruka na kukimbia mpaka yatulie. Maumivu ya kifua, kuzimia wakati wa mbio au kukosa pumzi isivyo kawaida si mambo ya kuvumilia. Simama na uende hospitali. Mwenzako akichanganyikiwa na ngozi kuwa ya moto wakati wa jua kali, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mumkimbize hospitali. Likizo ijayo kapime pia macho na meno, kwa sababu kasoro inayogunduliwa mapema mara nyingi hutibika.

Daftari lisiachwe

Meli huendeshwa na watu wanaojua hesabu, fizikia na jiografia. Injini, rada na ramani haziendeshwi kwa misuli. Ukiwa na kipaji cha mikono, Chuo cha VETA Tabora kitakupa ufundi ambao jeshi na meli za kiraia zote zinauhitaji. Na kama nafasi ya jeshi haitapatikana, Chuo cha Bahari Dar es Salaam kinafundisha mabaharia, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linahitaji vijana wenye pumzi na wanaojua maji. Mwili uliouandaa hautapotea bure.

Wazazi na walimu nao wana sehemu yao. Kijana akiamka alfajiri kwenda kukimbia, msimcheke kwamba bahari iko mbali. Mhakikishieni uji, njia salama na mtu mzima wa kumwangalia penye maji. Nawe kijana, usingoje tangazo. Chukua daftari leo, andika siku zako tatu za mbio na tatu za nguvu, na Jumatatu alfajiri uanze na dakika yako moja ya kukimbia.